Stesheni ya Treblinka na Ramani Zake

Ukiitwaa ramani ya Polandi iliyochapwa na taasisi ya jiografia ya jeshi la nchi hiyo katika miaka ya 1930, ile ya kipimo cha 1 kwa 100,000, utauona mto Bug ukijipinda kati ya misitu ya misonobari na mashamba ya mchanga, yapata kilomita 80 kaskazini mashariki ya mji mkuu wa Warszawa. Kwenye ukingo wa kaskazini wa mto huo upo mji mdogo wa Małkinia, ambako reli kuu itokayo Warszawa kwenda Białystok hukutana na njia ndogo ya reli inayovuka mto na kuteremka kusini hadi Siedlce. Fuatisha mchoro wa njia hiyo ndogo kwa ncha ya kalamu, na baada ya sentimita chache utafika kwenye jina lililoandikwa kwa herufi ndogo: Treblinka. Hapo pana kijiji, stesheni na msitu. Mchora ramani hakuona lingine la kutaja, maana halikuwapo.

Katika kipimo hicho sentimita moja ya karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Yafaa mwalimu alikumbuke jambo hili, kwa sababu habari tunayotaka kuisimulia ilitendeka ndani ya sentimita nne. Kutoka stesheni ya Treblinka hadi mahali palipojengwa kambi ya mauaji ni mwendo wa kilomita nne hivi, na kambi yenyewe ilikuwa na upana wa mita 400 na urefu wa mita 600. Mwanafunzi akiweka ukucha wa kidole chake juu ya ramani, kambi nzima itafunikwa. Katika eneo hilo, tangu Julai 1942 hadi Agosti 1943, waliuawa watu ambao wanahistoria huwakadiria kuwa kati ya 800,000 na 900,000. Karibu wote walikuwa Wayahudi, na wengi wao kabisa waliletwa kwa garimoshi.

Vitabu vingi vya historia tuvitumiavyo shuleni huyataja maangamizi ya Wayahudi kwa aya moja au mbili, na aghalabu hutaja jina la Auschwitz peke yake. Hatuvilaumu, kwani kitabu cha shule kina kurasa zake. Lakini mwanafunzi aliyesoma aya hizo huweza kubaki na picha ya jambo lililotendwa na watu wachache wenye wazimu, mbali na shughuli za kila siku za dunia. Treblinka yaonyesha kinyume chake. Bila ratiba, bila mafundi wa reli, bila makarani wa kupiga hesabu ya mabehewa na nauli, mauaji yale yasingewezekana. Ndiyo sababu tumechagua kuanzia kwenye stesheni badala ya kuanzia kwenye kambi.

Kwanza tuseme machache juu ya mipaka, maana pale Bug mipaka imechorwa na kufutwa mara nyingi. Reli kuu ipitayo Małkinia ilijengwa wakati sehemu hiyo ya Polandi ilipokuwa chini ya dola ya Urusi. Ilikuwa sehemu ya njia ya kutoka Warszawa hadi St. Petersburg, iliyokamilika mwaka 1862. Polandi ilipopata tena uhuru wake mwaka 1918, reli ilikuwa mali yake. Mnamo tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huo huo majeshi ya Kisovieti yakaingia kutoka mashariki. Tarehe 28 Septemba madola mawili hayo yalitia sahihi mkataba wa kugawana nchi, pamoja na ramani ambayo juu yake Stalin na Ribbentrop waliandika majina yao kwa mikono yao. Mstari uliochorwa katika ramani ile ulifuata mto Bug kwa sehemu kubwa, na Małkinia, iliyokuwa makutano ya kawaida ya reli, ikageuka kuwa kituo cha mpakani. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1939 maelfu ya Wayahudi waliokimbia utawala wa Kijerumani walipita hapo wakitafuta njia ya kuvukia upande wa pili.

Waliobaki upande wa pili nao hawakusalimika. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwapakia mamia ya maelfu ya raia wa Polandi katika mabehewa na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Ni baadhi ya watu hao, hasa wanawake na watoto, waliopewa ruhusa ya kuondoka baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi, wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakafika kwetu Afrika ya Mashariki: Nyabyeya karibu na Masindi, Koja kando ya ziwa la Victoria, na Tengeru huko Tanganyika. Msomaji aliyepata kuliona kanisa walilolijenga Nyabyeya, au makaburi yao ya Koja, ameyaona matokeo ya mstari ule wa 1939 kwa macho yake. Wao walitoka mashariki ya mstari. Hadithi yetu ya leo ni ya wale waliokuwa magharibi yake, na wa wale waliofikiwa baadaye, Wajerumani walipouvuka mstari huo mwezi wa Juni 1941.

Kwa nini Treblinka? Jibu limo ndani ya ramani yenyewe. Mahali palipotakiwa ilipasa pawe karibu na reli, ili watu waweze kuletwa kutoka Warszawa, Białystok, Siedlce na Radom pasipo kujenga njia mpya. Na ilipasa pawe pembeni, katika msitu, mbali na barabara kubwa. Kadhalika palikuwapo shimo la kuchimbia changarawe kusini ya stesheni, ambalo tayari lilikuwa na tawi la reli la kuchukulia mizigo. Mwaka 1941 Wajerumani waliweka hapo kambi ya kazi za shokoa, ambamo Wapolandi na Wayahudi walichimba changarawe na kufa kwa njaa na vipigo. Mwaka uliofuata walijenga kambi ya pili, kiasi cha kilomita mbili kutoka ile ya kwanza, na kukata tawi lingine fupi la reli kuingia ndani yake. Tawi hilo halikuandikwa katika ratiba ya abiria.

Hapa sisi walimu wa lugha yatubidi tutue kidogo. Kiswahili hulitumia neno "kambi" kwa mambo mengi: kambi ya jeshi, kambi ya wakimbizi, kambi ya vibarua wa mashamba ya mkonge, hata kambi ya vijana waendao kupiga mahema. Neno hilo lina maana ya mahali watu wanapokaa kwa muda. Treblinka ya kwanza inaweza kuitwa kambi kwa maana hiyo, ingawa ilikuwa ya kutisha. Treblinka ya pili haikuwa mahali pa kukaa. Isipokuwa mamia ya Wayahudi waliobakizwa ili wafanye kazi ya kuchambua nguo na kuzika maiti, aliyeshuka pale asubuhi hakuiona jioni. Hapakuwa na mabweni ya kuwatosha watu walioletwa, wala jiko la kuwapikia. Kwa hiyo tunaposema "kambi ya mauaji", neno la pili ndilo lenye uzito wote, na mwanafunzi aambiwe hivyo wazi, la sivyo ataiona akilini mwake safu ya mahema.

Lugha ya Wajerumani waliosimamia kazi hiyo nayo yastahili kuangaliwa. Katika hati zao za reli hutalikuta neno la kuua. Watu waliopakiwa huitwa "wahamiaji", na magarimoshi yao huitwa "magarimoshi maalum ya wahamiaji". Ratiba zilitolewa kwa karatasi zilizopigwa taipu, zenye jina la kila stesheni, saa ya kufika na saa ya kuondoka, kisha saa ya garimoshi lile lile kurudi likiwa tupu. Aliyeisoma karatasi hiyo kwa makini aliweza kujiuliza ni uhamiaji wa namna gani huu ambao maelfu ya watu huteremkia katika stesheni ya kijiji kila siku, wala hapana nyumba moja mpya inayojengwa. Bila shaka wapo waliojiuliza. Karatasi ziliendelea kupigwa taipu.

Tunayo barua ya tarehe 28 Julai 1942 iliyoandikwa na Albert Ganzenmüller, naibu waziri aliyesimamia reli za Ujerumani, kwenda kwa Karl Wolff, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Himmler. Anaarifu kwamba tangu tarehe 22 Julai garimoshi moja lenye Wayahudi 5,000 huondoka kila siku Warszawa kwenda Treblinka kwa kupitia Małkinia, na kwamba lingine lenye watu 5,000 huondoka mara mbili kwa juma kutoka Przemyśl kwenda Bełżec. Ni barua ya adabu, ya ofisi kwa ofisi. Wolff alijibu kwa shukrani. Kadhalika shirika la reli lilidai nauli kwa ajili ya safari za namna hiyo. Kiasi kilichowekwa kilikuwa nusu ya nauli ya daraja la tatu kwa kila kundi la watu wasiopungua 400. Watoto walio chini ya miaka kumi walitozwa nusu yake, na walio chini ya miaka minne walisafirishwa bure. Ilikuwa nauli ya kwenda tu. Sisi tumeisoma habari hii mara kadhaa, na kila mara ni ule msamaha wa nauli kwa watoto wachanga unaotunyima usingizi.

Warszawa ilikuwa na mtaa uliozungushiwa ukuta, ambamo Wayahudi zaidi ya 400,000 walifungiwa. Mtaa wa namna hiyo huitwa geto. Tangu tarehe 22 Julai hadi tarehe 21 Septemba 1942 zaidi ya watu 250,000 walitolewa humo, wakakusanywa kwenye uwanja wa kupakilia mizigo uliokuwa kando ya reli, wakasukumwa ndani ya mabehewa ya ng'ombe na bidhaa. Miongoni mwao, mapema mwezi wa Agosti, alikuwamo Janusz Korczak. Alikuwa daktari na mwalimu, mwandishi wa vitabu vya watoto na vya malezi vilivyojulikana Polandi nzima, na mkuu wa nyumba ya watoto yatima. Alipata nafasi za kujiokoa akazikataa. Alikwenda pamoja na watoto wapatao 200, na mwalimu mwenzake Stefania Wilczyńska, na wasaidizi wao.

Safari ambayo kwa kawaida ni ya saa chache iliweza kuchukua siku nzima au zaidi, kwani magarimoshi ya jeshi yalipewa kipaumbele na yale ya "wahamiaji" yakaachwa yasimame njiani. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Ndani ya behewa lililofungwa walikuwamo watu mia moja au zaidi, pasipo maji. Walipofika stesheni ya Treblinka walisimamishwa tena, kwa kuwa gati la kambini halikuweza kupokea zaidi ya mabehewa 20 kwa wakati mmoja. Garimoshi la mabehewa 60 liligawanywa mafungu matatu. Kichwa cha garimoshi kiliwekwa nyuma na kuyasukuma mabehewa 20 msituni, kisha kikarudi kuchukua mengine. Waliobaki walingoja pale stesheni, mbele ya nyumba za kijiji. Waliomba maji kupitia madirisha madogo yenye seng'enge. Wengine walipewa, wengine waliuziwa kwa pete na dhahabu, na walinzi waliwapiga risasi waliojaribu kuruka.

Mtu mmoja aliyaona hayo yote kwa sababu kazi yake ilimweka hapo. Aliitwa Franciszek Ząbecki, Mpolandi, msimamizi wa mwendo wa magarimoshi katika stesheni ya Treblinka tangu mwaka 1941. Wajerumani walimjua kuwa mfanyakazi wa reli. Hawakujua kwamba alikuwa mwanachama wa jeshi la siri la Wapolandi, na kwamba alipelekwa pale ili kuripoti mwendo wa majeshi ya Kijerumani yaelekeayo mpaka wa Urusi. Mwaka 1942 alijikuta anaripoti jambo jingine kabisa. Juu ya kila behewa paliandikwa kwa chaki idadi ya watu waliomo. Ząbecki alizisoma tarakimu hizo mabehewa yakipita, akazitunza. Wajerumani walipoanza kuondoka na kuharibu hati zao, aliiba baadhi ya hati za usafiri na kuzificha. Miaka mingi baadaye alizitoa mbele ya mahakama ya Düsseldorf, ambako Franz Stangl, aliyekuwa mkuu wa kambi ya Treblinka, alihukumiwa kifungo cha maisha mnamo Desemba 1970. Ząbecki aliandika pia kumbukumbu zake, zikachapwa mwaka 1977.

Stangl hakuwa mkuu wa kwanza wa kambi. Wa kwanza alikuwa daktari, Irmfried Eberl, ambaye katika majuma yake machache alipokea magarimoshi mengi kuliko kambi ilivyoweza kuua na kuzika, hata maiti zikalala wazi kando ya gati na magarimoshi yakakwama stesheni nyuma yake. Mwishoni mwa Agosti misafara ilisimamishwa kwa siku chache, Eberl akaondolewa, na Stangl akaletwa kuweka utaratibu. Palijengwa jengo jipya lenye vyumba kumi vya gesi, badala ya vitatu vya awali. Gesi ilikuwa moshi wa injini. Na mnamo Desemba 1942 Stangl aliamuru ifanyike kazi moja ambayo yatuhusu sana katika maelezo haya: aliamuru ijengwe stesheni ya uongo.

Stoo ya nguo iliyokuwa kando ya gati ilipakwa rangi ikafanana na jengo la stesheni. Yalichorwa madirisha ya kukatia tiketi, mahali pa simu za upepo, vibao vya daraja la kwanza na la pili, na ratiba za magarimoshi yasiyokuwapo. Vibao vingine vilionyesha njia ya kubadili garimoshi kwenda Białystok na Wołkowysk. Palitundikwa jina lisilopatikana katika ramani yoyote: Obermajdan. Palikuwapo pia saa ya ukutani, yenye mishale iliyopakwa kwa rangi, ambayo asubuhi, mchana na jioni ilionyesha, kwa kuhesabu kwetu, saa kumi na mbili kamili. Aliyetoka mbali aliposhuka alidhani amefika njia panda ya safari ndefu. Na kweli wengine walitoka mbali. Mnamo Machi 1943 waliletwa Wayahudi wa Makedonia na Thrace, sehemu ambazo zilikaliwa na Bulgaria, watu zaidi ya 11,000, wakiwa na mizigo yao. Kwa wenyeji wa Warszawa, ambao habari ilikwisha kuwafikia, saa ile haikudanganya mtu.

Tarehe 2 Agosti 1943 wafungwa wa kazi waliasi. Walikuwa wamepanga kwa miezi mingi. Waliiba silaha kutoka ghala la walinzi, wakawasha moto majengo na kuivamia seng'enge. Kiasi cha watu 200 walifaulu kuingia msituni, na waliokuwa bado hai vita vilipokwisha hawakufika 100. Magarimoshi ya mwisho yalikuja mwezi huo huo kutoka Białystok. Kisha Wajerumani wakabomoa kila kitu. Maiti walikwisha kuzichoma mapema. Sasa waling'oa seng'enge, wakavunja vyumba vya gesi, wakalima ardhi na kupanda maua ya lupini. Kwa matofali ya majengo yaliyovunjwa walijenga nyumba ya shamba, wakamkalisha humo mlinzi mmoja wa Kiukraine ili mpita njia afikiri kwamba hapo pamekuwa shamba siku zote. Mwisho wa Novemba 1943 mahali pale palifanana tena na ramani ya zamani: kijiji, stesheni, msitu.

Tangu hapo kazi ya kupachora upya iliangukia mikono ya watu wengine. Wa kwanza kutajwa ni Jankiel Wiernik, fundi seremala kutoka Warszawa. Kwa kuwa alihitajika kujenga huku na huku, alikuwa mmoja wa wafungwa wachache mno walioruhusiwa kuingia pande zote mbili za kambi, upande wa mapokezi na upande wa vyumba vya gesi. Alitoroka siku ya maasi akajificha Warszawa. Humo aliandika habari ya mwaka wake mmoja Treblinka, ikachapwa kwa siri mwaka 1944, vita vikiendelea, na nakala ikapenyezwa hadi nje ya nchi. Seremala hupima kwa macho. Wiernik alichora mpango wa kambi, na baada ya vita, akiwa Israeli, alitengeneza kwa mikono yake mfano wake mdogo wa mbao. Mwaka 1961 alitoa ushahidi katika kesi ya Adolf Eichmann mjini Jerusalem.

Jeshi la Kisovieti lilifika Treblinka katika kiangazi cha mwaka 1944, na mwezi wa Septemba alifika Vasily Grossman, mwandishi wa habari za vita. Aliongea na wanakijiji na waliosalimika, akayachunguza mashamba ya lupini, ambamo udongo ulikuwa unatoa mifupa, vijiko na viatu vya watoto. Mwaka 1945 hakimu Mpolandi Zdzisław Łukaszkiewicz aliendesha uchunguzi rasmi, akifuatana na mpima ardhi, ambaye alipima mipaka ya kambi na kuchora mpango wake kwa vipimo. Baadaye zilipatikana picha ambazo ndege za Wajerumani wenyewe zilizipiga kutoka angani mwaka 1944, na ambazo Wamarekani waliziteka pamoja na nyaraka nyingine. Katika picha hizo huonekana wazi alama ya eneo lililolimwa, yenye umbo la kambi ambayo ilikusudiwa isionekane. Na tangu mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Caroline Sturdy Colls wa Uingereza walipapima mahali hapo kwa vyombo visivyochimba, kwa kuheshimu sheria ya Kiyahudi isiyoruhusu makaburi kufukuliwa. Walipochimba kidogo palipo halali walikuta misingi ya ukuta na vipande vya vigae vya sakafu, vinavyolingana na maelezo ya mashahidi kuhusu vyumba vya gesi.

Siku hizi abiria hawashuki tena katika stesheni ya Treblinka. Reli ya kuingia kambini iling'olewa zamani. Mahali pake, tangu mwaka 1964, pamelazwa matofali makubwa ya saruji yaliyopangwa kama mataruma yasiyo na vyuma, yakielekea mahali lilipokuwa gati. Mbele yake yamesimamishwa mawe 17,000, madogo kwa makubwa, baadhi yakiwa na majina ya miji na vijiji ambako watu waliletwa. Jiwe moja tu lina jina la mtu, nalo ni la Janusz Korczak na watoto wake.

Swali moja lilibaki gumu kwa miaka mingi, nalo ni la idadi. Grossman, akihesabu magarimoshi kwa maneno ya mashahidi, alifikia watu milioni tatu. Ząbecki, kwa tarakimu zake za chaki, alikadiria 1,200,000. Łukaszkiewicz, aliyekuwa mwangalifu mno, alitaja kiasi kisichofika 800,000. Mwaka 2000 ilitambuliwa katika hifadhi ya nyaraka mjini London simu ya upepo iliyotumwa na Hermann Höfle, ofisa wa Kijerumani huko Lublin, tarehe 11 Januari 1943. Waingereza waliinasa hewani siku ile ile na kuifumbua, pasipo kuonyesha kwamba walifahamu ilihusu nini. Ilitoa idadi ya watu walioletwa katika kambi nne hadi tarehe 31 Desemba 1942, kila kambi kwa herufi yake ya kwanza: L 24,733; B 434,508; S 101,370; T 71,355; jumla 1,274,166.

Mwalimu anayetaka kuwafikisha wanafunzi wake karibu na kazi ya mwanahistoria na aziandike tarakimu hizi ubaoni, awaache wajumlishe wenyewe. Wataona kwamba hesabu haikubali. Kisha wazitoe L, B na S katika jumla, na watakachobakiwa nacho ni 713,555. Karani aliyeiandika aliiruka tarakimu moja, 5 ya mwisho, na jumla yake mwenyewe ndiyo iliyomsahihisha. Herufi L ni Lublin, yaani Majdanek. B ni Bełżec. S ni Sobibór. Na T ni stesheni ile ndogo ya kusini ya mto Bug, kwa miezi mitano tu ya mwaka 1942, kabla ya magarimoshi ya 1943 kuhesabiwa.